Fundo la Ulimi: Lini Kukata Ni Rehema, na Lini Ni Dhulma

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu akamtunukia uwezo wa kubainisha yaliyomo moyoni mwake. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Limetufikia suala kutoka kwa ndugu zetu Waislamu wa Nakuru, na kwa kuwa lawahusu wazazi wa Mombasa, Malindi na Lamu kama liwahusuvyo wale wa Bonde la Ufa, tumeona kheri tulijibu mbele ya wote. Mtoto amezaliwa, na ulimi wake umeshikwa chini na utando mfupi hata hauwezi kuvuka ufizi. Bibi yake ataka aitwe mwanamke wa mtaani anayejua kukata, alimalize jambo kwa wembe kabla mtoto hajatimiza arubaini. Baba yake naye asema kwamba kukata ni kubadilisha maumbile ya Mwenyezi Mungu, na kwamba mtoto aachwe kama alivyoumbwa. Mama, ambaye ndiye anyonyeshaye na ndiye mwenye maumivu ya chuchu, hakuulizwa. Ndugu zetu wataka kujua: katika hao wawili waliogombana, nani mwenye haki?

Sisi twaona kwamba wote wawili wametafuta haki mahali isipokuwa. Mmoja ameitafuta katika ada, na mwingine ameitafuta katika neno moja la dini alilolisikia akalishika bila ya kuliuliza maana yake. Haki ya jambo hili imo katika mambo matatu: haja ya mtoto, elimu ya mkataji, na wajibu wa wale wamzungukao mtoto huyo, akatwe asikatwe. Nasi tutayaeleza moja moja kwa kadiri ya uwezo wetu.

Kwanza yapasa kukijua kitu chenyewe. Mtu akiinua ulimi wake mbele ya kioo ataona chini yake utando mwembamba uliosimama kama tanga dogo, ukiuunganisha ulimi na sakafu ya kinywa. Utando huo si ugonjwa. Kila mwanadamu anao. Lakini baadhi ya watoto huzaliwa nao ukiwa mfupi, au mnene, au umeshika karibu mno na ncha ya ulimi, ikawa ulimi hauinuki wala hauchomozi. Madaktari wamekhitilafiana katika hesabu ya watoto hao, kwa sababu wamekhitilafiana katika namna ya kupima. Ila hesabu zao nyingi ziko baina ya watoto 4 na 11 katika kila 100. Na katika hao, wengi hunyonya, hula na husema bila ya taabu. Hili la mwisho ndilo la kushikwa sana: kuwa na utando mfupi ni jambo moja, na kudhurika kwa sababu yake ni jambo jingine. Anayechanganya mambo haya mawili, hukumu yake haiwezi kusimama sawa.

Sasa tutazame dini yasemaje. Hapana katika Qurani kisa kilicho karibu zaidi na suala letu kuliko kisa cha Nabii Musa, amani imshukie. Alipoamrishwa kwenda kwa Firauni, alimwomba Mola wake, kama ilivyotajwa katika Sura ya Taha, amfungulie fundo lililo katika ulimi wake ili watu wapate kufahamu maneno yake. Zipo hadithi mashuhuri za kaa la moto alilolitia kinywani alipokuwa mdogo. Hizo zimetoka katika masimulizi ya watu wa kale, wala hazimo katika Qurani, nasi hatujengi hukumu juu yake. Lililo thabiti ni kwamba Nabii, tena katika mitume wenye daraja kubwa, alikuwa na uzito wa ulimi, na kwamba hakuona haya kuutaja wala hakuona kuwa kuomba uondoke ni kumlaumu Mola wake aliyemuumba.

Maulamaa wa tafsiri wamezingatia jambo la ajabu katika dua hiyo. Musa hakuomba awe mfasaha kupita watu wote. Aliomba afunguliwe kadiri ya kufahamika tu. Na dalili waliyoileta ni kwamba hata baada ya hapo Firauni alimdharau, kama ilivyo katika Sura ya Zukhruf, akidai kwamba hawezi kujieleza vyema. Basi haja ya Musa ilikuwa kufikisha, na alipopata cha kufikishia alitosheka. Mitume huomba kwa kadiri ya haja. Hiki ndicho kipimo cha kwanza tunachokitaka kwa mzazi: asiulize kama ulimi wa mtoto wake ni kama ndimi za watoto wa jirani, bali aulize kama ulimi huo unamtimizia haja yake.

Ama neno la baba, kwamba kukata ni kubadilisha maumbile, hilo lina asili lakini limewekwa pasipo mahali pake. Ni kweli kwamba Qurani yaeleza jinsi Shetani alivyoapa kuwaamrisha watu wabadilishe maumbile ya Mwenyezi Mungu. Lakini maulamaa hawakuifahamu aya hiyo kuwa yakataza kuondoa dhara. Imepokewa na Abu Daud na Tirmidhi kwamba Arfaja bin Asad alikatwa pua katika vita vya Kulab zama za Ujahiliya, akajitengenezea pua ya fedha, ikaoza na kutoa harufu; Mtume (S.A.W.) akamwamrisha aweke pua ya dhahabu. Dhahabu ni haramu kwa wanaume, na juu ya hivyo iliruhusiwa ili dhara iondoke. Basi ikiwa pua ya dhahabu iliruhusiwa kwa haja, vipi kutaharamishwa kukatwa utando usiofika ukubwa wa ukucha ikiwa mtoto hawezi kunyonya? Tena baba huyo huyo atamtahiri mwanawe, na atamkata nywele siku ya akika, wala hataliona hilo kuwa ni kubadilisha maumbile.

Tena jambo hili si geni kwa Waislamu. Abul-Qasim al-Zahrawi, tabibu mkubwa wa Andalusia aliyekufa karibu na mwaka 1013, aliweka mlango makhsusi katika kitabu chake kiitwacho al-Tasrif juu ya utando wa chini ya ulimi uzuiao maneno. Alieleza kwamba huenda mtu akazaliwa nao, na huenda ukatokana na kovu la jeraha. Akaonyesha namna ya kuukata, kisha akamwonya mkataji asikate kwa kina asije akaukuta mshipa, damu ikatoka isizuilike. Msomaji na atazame: miaka elfu moja iliyopita tabibu Muislamu aliijua kazi hii, akaijua na khatari yake, na akaziandika zote mbili mahali pamoja. Mwenye kujua kukata lakini hajui khatari ya kukata, amejua nusu ya elimu, na nusu ya elimu katika kinywa cha mtoto ni msiba.

Hapa ndipo tunapomgeukia bibi. Hatumsemi kwa ubaya. Bibi amelea, na wembe anaoutaka hautaki kwa chuki bali kwa mapenzi. Lakini mapenzi hayageuzi ujinga kuwa elimu. Imepokewa na Abu Daud, Nasai na Ibn Majah kwamba Mtume (S.A.W.) alihukumu kuwa mtu ajitiaye katika utabibu hali hajulikani kwa elimu ya tiba, yeye ni mdhamini wa atakachokiharibu. Ibnul-Qayyim, aliyefariki mwaka 1350, ameifafanua hukumu hiyo kwa urefu, akapambanua baina ya tabibu mjuzi aliyeruhusiwa akaitimiza kazi yake kwa haki, ambaye hana dhamana likitokea lisilozuilika, na mjinga aliyewadanganya watu kwamba ajua, ambaye dhamana ni yake. Na imepokewa vile vile kwamba mtu mmoja alijeruhiwa kichwani, kisha akapatwa na janaba. Wenziwe wakamwambia kwamba hana budi kuoga, akaoga, akafa. Mtume alipopata khabari aliwalaumu lawama kali, akasema kwamba wao ndio waliomuua, na kwamba dawa ya kutojua ni kuuliza. Wale walikuwa watu wa kheri, tena walitoa fatwa kwa kuihami ibada. Nia yao njema haikuwaokoa na lawama.

Na lililo wazi zaidi ya yote ni lile lililomo katika Sahihi ya Bukhari. Wanawake wa Madina walikuwa na desturi, mtoto akivimba koo, ya kumtia kidole kinywani na kumbonyeza kwa nguvu mahali pale palipovimba. Alipokuja Ummu Qays binti Mihsan na mwanawe aliyefanyiwa hivyo, Mtume (S.A.W.) alimkataza, akamwuliza kwa nini wawatese watoto wao kwa kubonyeza huko, akawaonyesha dawa iliyo nyepesi kuliko hiyo, nayo ni udi wa kihindi. Twafahamu kutoka hapa mambo mawili. La kwanza, ada ya akina mama ikimdhuru mtoto hukatazwa, ijapokuwa imekusudiwa kuponya. La pili, Mtume hakukataza akanyamaza. Alikataza akaonyesha njia nyingine. Anayemkataza bibi wembe na asimwonyeshe pa kwenda, hajaifuata sunna hii ila nusu yake.

Twasema haya kwa sababu katika Afrika ya Mashariki kinywa cha mtoto mchanga kimekuwa uwanja wa visu vingi. Wako wakatao kimeo wakidai ndicho kiletacho kikohozi na kutapika. Wako wachokoao ufizi wa mtoto kwa kitu chenye ncha ili kuzitoa mbegu za machonge ambayo hayajaota, wakidai kwamba uvimbe mweupe wa ufizi ndio uletao homa na kuharisha. Mwaka 1995 wataalamu wa Kenya walitangaza katika jarida la tiba la Afrika ya Mashariki uchunguzi wao juu ya Wamasai wa mashamba, na walio wengi katika watoto wadogo walioangaliwa walikuwa wamekwisha kutolewa mbegu za meno hayo. Nasi watu wa pwani tusiwacheke Wamasai, kwani kimeo hukatwa na watu wengi wanaojiita wastaarabu. Uvimbe ule wa ufizi ni meno yanayojiandaa kutoka. Na kuharisha kwa mtoto hutokana na maji machafu na chakula kilichoingiwa na uchafu. Mtoto hukatwa asipougulia, na akipona kuharisha kwake, wembe ndio uliosifiwa. Na akifa, husemwa ni siku zake zimekwisha. Hivi ndivyo ada mbaya inavyojilinda: kheri yote ni yake, na shari yote ni ya kudura.

Wembe wa mtaani wadhuru kwa njia zinazojulikana. Chini ya ulimi ipo mishipa ya damu, na yapo matundu ya vijito vya mate. Mkono usiojua huyakata yote pamoja na utando. Wembe usiochemshwa huingiza pepopunda na vijidudu vya kuoza damu, na ukiwa umetumiwa kwa mtoto mwingine huweza kuleta hata virusi vya ukimwi. Tena mtoto mchanga huzaliwa na vitamini K kidogo, nayo ndiyo isaidiayo damu kuganda. Kwa hivyo hospitali humchoma mtoto sindano ya vitamini hiyo mara azaliwapo. Mtoto aliyezaliwa nyumbani huenda hakuipata, na jeraha dogo kwake laweza kutoa damu mpaka ikamwua. Mambo haya bibi hakuyajua, wala si kosa lake kutoyajua; kosa ni kukata bila ya kuuliza.

Baada ya kumjua asiyefaa kukata, tuseme lini yafaa kukata. Watu wa madhehebu ya Imamu Shafii wamekwisha kutuwekea msingi. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, katika Minhaj, kitabu kijulikanacho mno na mashekhe wa pwani yetu, ameeleza hukumu ya kukata uvimbe wa mwilini. Kwa mtoto, baba na babu waweza kuukata hata ikiwa pana khatari, madhali khatari ya kuuacha ni kubwa kuliko khatari ya kuukata. Basi mzazi hakupewa mwili wa mtoto awe mmiliki wake. Amepewa amana, na amana hiyo ina mizani yenye sahani mbili. Asiyeweka kitu katika sahani ya kukata amedhulumu, na asiyeweka kitu katika sahani ya kuacha amedhulumu pia.

Tuitie mizani hiyo elimu ya leo. Mtoto mchanga akishika ziwa akaliachia kila mara, akanyonya saa nzima asishibe, uzito wake usiongezeke, na mama akatokwa na vidonda vya chuchu, hapo pana haja ya kweli. Lakini hata hapo hatua ya kwanza ni mkunga mjuzi kutazama namna mtoto anavyowekwa zivani, kwa kuwa mara nyingi taabu yote imo hapo. Na wakati huo maziwa yakamuliwe, mtoto anyweshwe kwa kikombe asidhoofike. Mwaka 2017 wataalamu walikusanya majaribio 5 ya kukata utando huu, yenye watoto wachanga 302 kwa jumla. Walikuta kwamba kukata kulimpunguzia mama maumivu ya chuchu kwa muda mfupi, lakini hawakukuta kwa yakini kwamba kila mtoto aliyekatwa alinyonya vizuri zaidi. Na wakasema kwamba majaribio yenyewe yalikuwa madogo. Kwa hiyo, mama aliyesahauliwa katika ugomvi wa Nakuru ndiye aliyestahili kuulizwa mwanzo, kwani faida iliyo wazi zaidi ni kuondoka kwa maumivu yake, na khabari ya unyonyaji wa mtoto anayo yeye kuliko mtu yeyote.

Na kazi yenyewe, ikifanywa na anayeijua, ni nyepesi. Mtoto wa wiki chache hufungwa katika nguo asijitupe, ulimi huinuliwa, na sehemu nyembamba ya utando hukatwa kwa mkasi uliotakaswa. Hutoka matone machache ya damu, na mtoto hupewa ziwa papo hapo. Kwa mtoto mkubwa mambo ni mazito zaidi: hutakiwa ganzi au dawa ya usingizi, na pengine kushonwa.

Wala asidhani msomaji kwamba kukata ovyo ni ugonjwa wa watu wasiosoma tu. Huko Marekani watoto wengi mno walianza kukatwa tando hizi, wengine kwa mashine za mwali wa leza, na wazazi wakatozwa fedha nyingi, hata mwaka 2024 chama cha madaktari wa watoto wa nchi hiyo kikatoa waraka wa kuwaonya waganga na wazazi wasiifanye kila taabu ya kunyonya kuwa ni fundo la ulimi. Basi wembe wa mtaani na mashine ya ghali huweza kutumikia kosa moja, nalo ni kukata kabla ya kuuliza. Daktari naye ni mtu wa kuulizwa dalili yake, kama aulizwavyo sheikh.

Sasa tufike kwa mtoto mkubwa, kwani wazazi wengi huletwa katika suala hili na chuo. Mtoto wa miaka 7 hawezi kuitamka ra, au aitoa sini kwa kitembe. Mwalimu ampiga, wenziwe wamcheka, na mzazi aona haya. Husemwa: akatwe ulimi ili Qurani yake inyooke. Sisi twasema: polepole. Watoto wengi wenye kitembe hawana utando mfupi hata kidogo, na wengi wenye utando mfupi hawana kitembe. Mtoto aliyechelewa kusema huenda hasikii vizuri, na masikio yake ndiyo ya kutazamwa kwanza. Wako wataalamu wa kufundisha matamko, na mazoezi yao huwafaa wengi bila ya kisu. Ikiwa daktari ameona kwa yakini kwamba ncha ya ulimi haiinuki, na kwamba mazoezi hayakufaa, hapo kukata kwaweza kuwa msaada. Lakini kisu hufungua ulimi tu, hakiufundishi herufi.

Na ama khofu ya kwamba sala ya mtoto huyu haisihi, hiyo ni khofu isiyo na msingi. Mafakihi wetu wameeleza kwamba mwenye kitembe asiyeweza kukirekebisha, sala yake mwenyewe ni sahihi. Lililozuiliwa katika madhehebu yetu ni kumsalisha mtu atamkaye sawa, ikiwa kitembe hicho kinageuza herufi kuwa nyingine. Na imethibiti katika Bukhari na Muslim kwamba mwenye kuisoma Qurani kwa taabu, akijikaza nayo, ana ujira mara mbili. Basi mwalimu ampigaye mtoto huyo kwa fimbo ampiga mtu ambaye huenda ujira wake kwa aya moja ni mkubwa kuliko wake yeye.

Watu hupenda kuwafariji watoto hawa kwa kisa cha Bilal, kwamba hakuweza kutamka shini na kwamba sini yake mbele ya Mwenyezi Mungu ni shini. Kisa hicho hakina asili. Wajuzi wa hadithi, kama Ibn Kathir na Sakhawi, wamekitaja kuwa si chochote, na sauti ya Bilal ilichaguliwa kwa adhana kwa uzuri wake. Wala hatuna haja ya uongo ili kufariji, hali ukweli watosha. Wasil bin Ata wa Basra, aliyekufa mwaka 748, alikuwa hawezi kuitamka ra. Akajifunza maneno ya Kiarabu mpaka akawa aweza kukhutubu khutba ndefu isiyo na ra hata moja. Hatukubaliani na madhehebu yake ya Muutazila, lakini haki ya mtu hutolewa hata kwa mpinzani: kasoro ya ulimi haikumzuia kuwa katika wasemaji wakubwa wa zama zake.

Kuna jambo jingine khasa kwa mji kama Nakuru, nalo laligusa kosa letu sisi watu wa pwani. Reli iliyoanzia Mombasa ilifika huko mwaka 1900, ikapanda na watu wa kila namna, na mji huo, ambao tarehe 1 Desemba 2021 ulifanywa jiji, umekusanya Wakikuyu, Wakalenjin, Wakisii, Wajaluo, Wanubi, Wasomali, Wahindi na Waswahili. Mtoto akulia hapo hunyonya lugha tatu au nne. Akija likizo Mombasa akasema kwa lafudhi ya bara, twamcheka, na pengine twasema ulimi wake mzito. Huo si uzito wa ulimi, bali ni wepesi wa adabu zetu. Lafudhi si maradhi, wala hakuna daktari wa kuikata. Mzazi asikubali mwanawe ahesabiwe mgonjwa kwa sababu tu hasemi kama watu wa Mji wa Kale.

Tumesema mwanzoni kwamba haki imo katika mambo matatu, na la tatu ndilo lisahauliwalo. Turejee kwa Nabii Musa. Katika dua ile ile hakuomba kufunguliwa fundo peke yake. Aliomba pia apewe msaidizi katika jamaa zake, naye ni Harun nduguye. Na katika Sura ya Qasas akaeleza sababu, kwamba Harun ni mfasaha kuliko yeye. Mwenyezi Mungu akampa yote mawili. Tazama hekima hiyo: dawa moja imo kinywani mwa mwenye taabu, na dawa ya pili imo katika watu wamzungukao. Sisi twajishughulisha na ile ya kwanza tu. Twatafuta nani wa kukata, na hatutafuti nani atakuwa Harun. Mtoto mwenye ulimi mzito amhitaji ndugu wa kumngojea amalize neno lake, mwalimu wa kumwitikia kwa upole, na baba asiyemkatiza mbele ya wageni. Haya yamwajibikia kila mtu, hata pale kisu kilipofaa. Kwani ulimi uliofunguliwa leo hautasema vizuri kesho ikiwa mwenyewe amekwisha kufundishwa kuogopa kusema.

Na katika kuwa Harun ni kutoa mali. Atasema mtu: haya yote ni rahisi kwa wakaao Nakuru mjini, penye hospitali kubwa ya kaunti, mama aliye mashambani huko Molo au Njoro, nauli hana, na mwanamke wa wembe ni jirani yake. Neno hili ni la haki, wala hatulijibu kwa mawaidha. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliihesabu tiba katika faradhi za kutosheleza, akawalaumu watu wa zama zake kwa kusongamana katika fikihi na mijadala na kuiacha miji yao bila ya tabibu Muislamu. Faradhi ya kutosheleza isiposimamiwa, dhambi huwa ya wote. Msikiti wenye mfuko wa kununua mazulia hauwezi kukosa mfuko wa nauli ya mama na mtoto wake mchanga. Na binti zetu waliofuzu shule, kwa nini wasisomeshwe ukunga, ili mwanamke anayeitwa usiku awe ni Muislamu, jirani, na mjuzi? Hapo bibi hatakuwa na haja ya wembe, nasi tutakuwa tumeifuata sunna kwa ukamilifu wake.

Basi muhtasari wa jawabu yetu ni huu. Kukata utando wa ulimi si haramu wala si kubadilisha maumbile, ikiwa pana dhara ya kweli. Pasipo na dhara, kukata ni kumuumiza mtoto bure, ijapokuwa kwafanywa na daktari mwenye shahada. Kukatwa na asiyejua hakufai kwa hali yoyote, na akatae ni mdhamini. Sheria ya nchi nayo, yaani Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022, yamkinga mtoto na mila zenye kumdhuru, na hapo sheria ya nchi na ya dini zimekutana. Mzazi kabla ya kukata na aulize: mtoto wangu anadhurika na nini? Nani ameliona hilo kwa elimu? Lipo jambo jepesi kuliko kisu ambalo halijajaribiwa? Na mama yake asemaje? Akiyapata majawabu ya maswali haya, na atawakali kwa Mola wake, akate au aache, naye ametekeleza amana.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awafungulie watoto wetu ndimi zao kwa kadiri ya haja zao, na atufungulie sisi wakubwa vifua vyetu tupate kuwasikiliza. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.